Kioo Kilichokuwa Tayari

Sura ya Tisa

Wanaume wawili walinipenda kuliko nilivyostahili, na wote wawili niliwadanganya kwa kioo kimoja. Kila nikiwakumbuka nasema asante kabla ya samahani, maana samahani niliimaliza wiki ile ile, lakini asante bado naendelea nayo.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Juni 1958, saa kumi na moja jioni, na baridi ya Wirrabilla, mji wetu mdogo wa Australia, ilikuwa imeshaanza kung'ata vidole. Nilitoka kazini, duka la dawa la Bibi Plowright, nikapita uani kwetu nikaona mwanga chini ya mlango wa banda. Baba hakuwa mtu wa kuingia bandani jioni. Nikajua ni Brendan, nikaharakisha, kwa kuwa sikumtarajia hadi Jumamosi.

Brendan Tierney alikuwa fundi wa reli. Alikuwa na mikono mikubwa iliyonukia grisi hata Jumapili, na macho ya kijivu ambayo yakikutulia usoni unasahau ulichokuwa ukisema. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akija bandani kwetu kila Jumamosi. Yeye alitengeneza bomba la bati na stendi ya chuma, mimi nilisaga kioo. Darubini tuliyokuwa tukiiunda, ya kutazamia nyota, ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu utotoni nilitamani kuiona pete ya sayari ya Zohali kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe.

Kusaga kioo ni kazi ya kuchosha na ya kupendeza. Unaweka vioo viwili vinene juu ya pipa, kimoja juu ya mwenzake, unga mkali katikati, kisha unasukuma na kuvuta huku ukilizunguka pipa, siku baada ya siku, hadi cha juu kinachimbika katikati kama sahani. Baada ya hapo unga laini, halafu lami na unga mwekundu wa kung'arishia. Mwisho kabisa unakipima: gizani, taa ndogo yenye tundu la sindano, na wembe mbele ya jicho lako. Kivuli kinachopita juu ya kioo kinakuambia ukweli wote, hata ule usioutaka.

Brendan aliniposa mwezi wa Machi, akiwa ameshika bisibisi. Nikamwambia, "Nipe hadi kioo kiishe." Akacheka sana. "Haya," akasema, "nimeposa mwanamke nikapewa foleni."

Sababu ya jibu lile ilikuwa ndani ya nyumba, inasoma Biblia karibu na jiko. Baba yangu, Murdo Geddes, alikuwa mshona matandiko ya farasi na mzee wa kanisa la Presbiteri. Brendan alikuwa Mkatoliki. Wirrabilla ilikuwa na waoka mikate wawili, na kila dhehebu lilikula mkate wa mtu wake. Baba alimruhusu Brendan aingie bandani kwa sababu fundi ni fundi, lakini chai yake ilipelekwa nje. Mlango wa jikoni hakuwahi kuuvuka. Na mara moja tu, akikunja gazeti, baba aliniambia bila kupaza sauti: "Siku utakayosimama mbele ya padri, mimi usinitafute." Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tulikuwa wawili tu nyumba nzima.

Basi nikafungua mlango wa banda. Brendan alikuwa amekaa kwenye kiti changu, koti bado mwilini. Mbele yake kulikuwa na daftari langu, limefunguliwa.

"Umekuja!" nikasema. "Mbona hukuniambia, ningeleta..."

"Kaa, Cora."

Hakuniita mpenzi. Nikakaa juu ya sanduku.

"Nimepata barua ya uhamisho. Karakana ya reli ya mji wa Bourke. Naondoka Jumapili, treni ya mchana."

"Jumapili hii?"

"Hii hii." Alinitazama, akaondoa macho. "Nikaja mbio. Nikasema leo nakesha kama ni kukesha, kesho vilevile, ili Jumamosi tutazame angani pamoja kabla sijaondoka. Nikawasha taa, nikaweka wembe kama ulivyonifundisha. Nikaona ukingo wa kioo umeshuka, umesuguliwa kupita kiasi. Nikachukua daftari nijue umeanza kushuka lini."

Nilinyoosha mkono.

"Brendan, lete hilo daftari."

"Nakusomea. Tarehe ishirini na tisa Mei. 'Kivuli kimelala sawa kutoka katikati hadi ukingoni. Sioni kasoro. Kimekamilika.' Umepiga mistari miwili chini yake, Cora. Tarehe thelathini na moja. 'Nimesugua nusu saa zaidi. Ukingo umeshuka.' Tarehe tano Juni. 'Nimeurudisha. Kimekamilika.' Tarehe saba. 'Nimesugua tena.'" Akalifunga taratibu. "Mtu gani huharibu kazi yake mara mbili, halafu anaandika?"

"Mtu asiyeweza kuandika uongo."

"Lakini kuusema unaweza."

Nje kasuku wa kijivu walikuwa wakigombania mti wa kulala, wanapiga kelele kama watu wa mnadani.

"Jumamosi nilikuuliza," akaendelea. "Nikasema, bado? Ukanishika shavu ukasema, bado kidogo tu, mpenzi wangu. Unajua nilifanya nini? Nilienda kuwasha mshumaa kanisani! Namsumbua Bikira Maria kwa ajili ya kioo cha Wapresbiteri, kumbe kilishakuwa tayari tangu Mei!"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Kama ni hapana, sema hapana. Nitakwenda zangu, nitaumia, nitapona."

"Si hapana."

"Basi ni nini?"

"Ni baba! Nikiondoka, nani atakaa naye? Nani atampikia, nani atam..."

"Baba yako anaamka kabla ya jogoo, anabeba ngozi nzima ya ng'ombe begani, na ulimi wake unatosha watu watatu. Usijifiche nyuma yake."

"Wewe hujui anavyosema."

"Sijui kwa sababu huniambii!" Alisimama. "Miezi kumi na minne naletewa chai nje kama mbwa wa kuchungia kondoo. Naipokea, nasema asante Mzee Geddes. Imepoa, nakunywa. Sikulalamika hata siku moja, Cora, na nisingelalamika hata miezi mingine kumi na minne. Lakini nilikuwa na haki ya kujua nasubiri nini."

Alikuwa mkweli kiasi kwamba nilishindwa hata kulia. Alichukua wembe akaufunga kwenye karatasi yake. Akazima taa ndogo. Kisha akakifunika kioo kwa kitambaa, taratibu, pembe moja baada ya nyingine, kama mtu anayemfunika mtoto. Hasira zote zile, na bado hakuweza kukiacha wazi kipatwe na vumbi.

Mlangoni aligeuka akanitazama, na ule mtazamo niliubeba siku mbili nzima kama jiwe kifuani.

"Kimalize," akasema. "Si kwa ajili yangu. Kioo chenyewe hakijamkosea mtu."

*

Ijumaa nilimwomba Bibi Plowright ruhusa nikafanya kazi kutwa. Safari hii nilisugua kwa nia safi. Nilihesabu kila mzunguko wa pipa, nikapima, nikasugua, nikapima. Jua likizama, kivuli kikalala sawa. Niliandika "Kimekamilika" kwa mara ya tatu, bila kupiga mstari.

Ilibaki kukipaka fedha. Dawa nilikuwa nazo, nilizinunua dukani kwetu zamani nikazificha nyuma ya magunia. Jumamosi asubuhi nikaweka beseni mezani, nikachanganya maji ya fedha na amonia, nikaandaa maji ya sukari. Lakini kuna jambo nililisahau, kwa kuwa siku zote nilidhani Brendan atakuwepo: kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anamimina, mwingine analitikisa beseni bila kusimama hata kidogo, la sivyo fedha inashika kwa mabaka na kazi yote imekwenda bure.

Nilisimama pale na chupa mikononi, sijui nianzie wapi.

"Linatikiswaje?"

Baba alikuwa mlangoni, mikono ya shati ameshaipandisha.

"Baba, hii dawa ina harufu kali."

"Nimechemsha gundi ya kwato miaka arobaini. Linatikiswaje?"

Nikamwonyesha. Akalishika beseni kwa ile mikono yake ya kushona ngozi, akaanza kulilaza huku na kule, polepole, kama maji yenyewe ndiyo yanayojitikisa. Nikamimina. Maji yakawa ya kahawia, kisha meusi kama matope, nikaogopa.

"Endelea," baba akasema. "Usikitazame sana. Mimi nina jambo la kusema, na nikiwa na kazi mkononi nasema vizuri zaidi."

"Sema, baba."

"Chumba changu kimepakana na banda hili. Nasikia kila kitu. Wiki tatu zilizopita ulikuwa unaimba humu. Wimbo wa mama yako. Nikajua, kumekucha, kioo kimekwisha. Kesho kutwa yake nikasikia unasugua tena, na huimbi."

Niliinamisha kichwa.

"Fundi anaijua sauti ya kazi inayomalizwa na sauti ya kazi inayocheleweshwa. Nilijua unachofanya, Cora. Na kila ulipokiharibu, mimi nilifurahi."

"Baba..."

"Niache nimalize. Nilifurahi. Nilikuwa nalala vizuri. Nasema moyoni, haya, Jumamosi nyingine imepita, bado yuko. Halafu Jumapili nasimama mbele ya watu nawaombea waliopotea." Beseni halikusimama hata kidogo, lakini sauti yake ilisimama, ikaanza tena. "Juzi nilisikia maneno ya yule kijana. Ya chai. Mama yako angenipiga na mwiko."

"Uliniambia nisikutafute."

"Nilisema. Ni rahisi kusema mambo ya padri kuliko kusema naogopa kula peke yangu."

Nikaweka chupa chini. Nilitaka kukasirika, maana nilikuwa nimejitesa wiki tatu kwa ajili ya neno alilolisema akikunja gazeti. Lakini nilipomtazama, mzee wa miaka sitini na saba amejikunja juu ya beseni, anatikisa kwa uangalifu kile kitu ambacho kingenichukua kutoka kwake, hasira ikayeyuka. Sijawahi kupendwa vile, na mtu anayekataa kunitazama usoni.

"Kanisani kwao siingii," akasema. "Hilo usiniombe, sina njia ya kulieleza kwa wenzangu. Lakini nitasimama nje, kofia mkononi, mpaka mtoke. Hata kama kuna mvua."

"Asante, baba."

"Usinishukuru, tazama beseni lako."

Nikatazama. Matope yalikuwa yamejitenga, na chini yake kioo kiliwaka. Tulikitoa tukakisuuza, na nyuso zetu mbili zikatokea humo, kubwa mno, baba na pua kama kiazi. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya mama.

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia nyeusi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bibi Quilty."

Bibi Quilty alikuwa na nyumba ya wapangaji, ukuta kwa ukuta na kanisa la Wakatoliki. Ndiko Brendan alikolala. Bibi Plowright aliniambia baadaye kwamba alimwona baba akipita barabara kuu na kofia ya Jumapili siku ya Jumamosi, akadhani kuna msiba, akaenda kuvaa nguo nyeusi.

Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na Brendan. Anasema alikuwa anafunga sanduku la vifaa vyake, mlango ukagongwa kwa nguvu kama na polisi.

"Wewe Tierney," baba akasema. "Nimekuja kuomba radhi, na sijazoea, kwa hiyo usinikatize."

"Sikukatizi, mzee."

"Umeshanikatiza. Chai yako ilipaswa kunywewa ndani. Hayo ndiyo yote. Saa kumi na moja na nusu kuna kondoo wa kuoka. Utaingia kwa mlango wa jikoni, na utafuta viatu kama mtu mwingine yeyote. Na ulete lile bomba lako, binti yangu ana kioo cha kuweka."

*

Alifuta viatu mara nne. Nilimsikia kabla sijamwona, nikiwa nimeinama kwenye oveni, na nilipogeuka alikuwa amesimama katikati ya jikoni letu na bomba la bati begani, amechana nywele kwa maji, hajui aweke macho wapi. Tukatazamana. Kama angeniuliza jina langu sekunde ile, ningelikosea.

"Kimekwisha?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kimekwisha."

"Kweli?"

"Daftari liko mezani. Kasome."

Tabasamu likamwanza pembeni ya mdomo, akalizuia. "Nakuamini," akasema, na neno hilo moja lilinipa nafuu kuliko chakula.

Baba aliombea chakula kirefu kuliko kawaida. Mwishoni Brendan akafanya ishara ya msalaba kwa mazoea, akashtuka, mkono ukabaki hewani begani. Baba alivitazama viazi.

"Malizia," akasema. "Usiuache nusu, chakula kinapoa."

Tulipotoka uani ilikuwa saa moja na nusu. Mwezi mwembamba ulikuwa unazama upande wa reli, na Zohali ilikuwa imeshapanda juu ya mikaratusi, nukta ya manjano isiyopepesa. Brendan aliingiza kioo kwenye bomba, vidole vyake vikipita juu ya vyangu, na hakuna kati yetu aliyeharakisha. Akakaza skrubu ya mwisho, akarudi nyuma.

"Tazama," akasema.

"Wewe kwanza. Unaondoka kesho."

"Cora, hiki ni chako. Mimi ni mtu wa bati tu."

Nikainama. Mwanzoni niliona ukungu, nikazungusha skrubu kidogo, ukungu ukajikusanya, na ghafla ikawepo. Ilikuwa ndogo, safi, pete yake imeizunguka bila kuigusa popote, na weusi mwembamba wa anga unapita kati ya sayari na pete. Nilipiga kelele kama mtoto. Nilifikiria lami na vumbi la miezi yote ile, vidole vilivyopasuka, chai iliyopoa, mshumaa uliowashwa kwa ajili ya watu wasiowasha mishumaa. Sikuwa nimeifikia peke yangu hata hatua moja.

Nikainuka nikamshika Brendan mkono.

"Kabla hujatazama," nikasema. "Uliniuliza jambo mwezi wa Machi."

"Niliuliza."

"Ndiyo. Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu uliposhika ile bisibisi. Nakuja Bourke, tukishafunga ndoa, kwa padri wako, mwezi wa Septemba ukitaka. Na nisamehe."

Alinivuta kwake, na moyo wake niliusikia ukigonga kupitia koti.

"Sema tena," akanong'ona. "Kwa sauti, baba yako asikie."

"Nimesikia," baba akasema kutoka kwenye ngazi za jikoni. "Mimi si kiziwi. Tabu yote ilianzia hapo."

Brendan akatazama, akatukana kidogo kwa mshangao, akaomba radhi kwa baba, akatazama tena. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. Kisha akasogea kando akamshika baba kiwiko, kwa kuwa ardhi ilikuwa inateleza kwa umande, akamweka penye lenzi. Baba hakuutoa mkono wake.

Alitazama kwa muda mrefu mno. Zohali ikasogea, Brendan akalisukuma bomba taratibu kuifuata, baba akaendelea kutazama. Nilidhani haoni kitu na anaona aibu kusema.

"Huko Bourke," hatimaye akauliza, "kuna farasi?"

"Wengi kuliko watu, mzee."

"Na matandiko yao?"

"Yamechakaa vibaya sana."

"Hm."

Mbwa wa jirani alibweka akanyamaza. Nilikuwa nimesimama kati yao, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti la Brendan, na sikumbuki kama nilihisi baridi.

"Yule padri wenu," baba akasema, bila kuinua kichwa. "Anaruhusu mtu asimame mlangoni? Kwa ndani?"

Nilihisi vidole vya Brendan vikinikaza.

"Mzee, mlangoni kuna upepo," akajibu. "Viti vya mbele vipo."

"Usinisukume, kijana," baba akasema, jicho bado liko kwenye darubini. "Nimeshafika mlangoni."